Uzi: Montoneros, vijana waliodhani wanamjua Perón kuliko alivyojijua mwenyewe

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu kutoka Dodoma. Mimi ni mwalimu wa Historia katika shule ya sekondari. Uzi huu umetokana na swali la mwanafunzi wa kidato cha sita ambaye, baada ya kipindi kuhusu harakati za ukombozi, aliniuliza kama limewahi kutokea kundi lenye silaha lililopigana kwa jina la kiongozi wake, kisha kiongozi huyo akalikana mbele ya umati. Kengele ilikuwa imeshalia, nikamjibu kwa sentensi mbili, na sentensi zile zimenisumbua wiki nzima kwa kuwa zilikuwa pungufu kiasi cha kupotosha. Naomba mnivumilie, maana habari yenyewe ni ndefu na sitaki kuikata tena.

Kundi hilo ni Montoneros wa Argentina, na vuguvugu lililowalea ni la Juan Domingo Perón. Perón alikuwa kanali aliyepanda ngazi kutokana na mapinduzi ya kijeshi ya Juni 1943. Alichukua idara ya kazi, ambayo wenzake waliiona ndogo, na kupitia idara hiyo akawapatia wafanyakazi likizo zenye malipo, pensheni, mahakama za kazi na mikataba iliyoheshimiwa na waajiri. Maofisa wenzake walipomkamata Oktoba 1945, wafanyakazi walitoka viwandani na machinjioni, wakaujaza uwanja wa Plaza de Mayo mjini Buenos Aires tarehe 17 mwezi huo, na usiku wake akahutubia akiwa huru. Februari 1946 alichaguliwa kuwa rais. Wenye nacho waliwaita wafuasi wake "wasio na mashati", na yeye pamoja na mkewe Eva wakalipokea tusi hilo wakalifanya jina la heshima. Eva, ambaye makabwela walimwita Evita, alifariki Julai 1952 akiwa na umri wa miaka 33, na maskini wengi walimlilia kama wanavyomlilia mtu wa nyumbani kwao.

Baada ya hapo ilikuja miaka 18 ya marufuku, na bila kuielewa miaka hiyo huwezi kuwaelewa Montoneros. Juni 1955 ndege za kijeshi ziliushambulia uwanja wa Plaza de Mayo mchana kweupe zikaua watu zaidi ya 300. Septemba mwaka huo Perón alipinduliwa akakimbilia uhamishoni, na safari yake ikaishia Madrid. Amri iliyotolewa Machi 1956 ilifanya kuwa kosa hata kulitaja jina lake au kuonyesha picha yake. Maiti ya Evita, iliyokuwa imehifadhiwa kwa dawa isioze, iliporwa na wanajeshi na hatimaye ikazikwa kwa siri mjini Milan kwa jina la mwanamke mwingine. Juni 1956 Jenerali Juan José Valle alijaribu kuasi kwa niaba ya Perón, akapigwa risasi pamoja na wenzake, na raia kadhaa waliuawa usiku kwenye jalala la José León Suárez nje ya mji mkuu. Rais wa wakati huo alikuwa Jenerali Pedro Eugenio Aramburu. Naomba mlishike jina hilo.

Aliyekulia huku kwetu Ugogo anajua korongo linavyokuwa wakati wa kiangazi. Juu utaona mchanga mtupu, na mgeni atakwambia hapana maji, ilhali wenyeji huchimba kidogo tu wakateka. Ndivyo lilivyokuwa vuguvugu la Perón wakati wa marufuku: chama hakikuruhusiwa kusimama kwenye uchaguzi, lakini vyama vya wafanyakazi viliendelea kuwa vyake, na picha za Evita ziliendelea kutunzwa majumbani.

Sasa nije kwa vijana wenyewe. Jambo linalonishangaza kuliko yote ni kwamba wengi wao hawakutoka katika nyumba za wafuasi wa Perón. Walikuwa watoto wa tabaka la kati, Wakatoliki waliolelewa katika Vijana wa Kikristo na Chama cha Kikatoliki cha walei, na wazazi wa baadhi yao walishangilia Perón alipopinduliwa. Fernando Abal Medina, Carlos Gustavo Ramus na Mario Firmenich walifahamiana kupitia Colegio Nacional de Buenos Aires, shule yenye sifa kubwa ya kuandaa viongozi wa nchi ile. Padre Carlos Mugica, aliyekuwa mlezi wao wa kiroho, aliwapeleka kuwaona maskini kwa macho yao. Hiyo ilikuwa miaka ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ya mapinduzi ya Kuba, na ya padre Camilo Torres wa Kolombia, aliyekufa mwaka 1966 akiwa na wapiganaji wa msituni. Walipowauliza maskini wanamtaka nani, jibu lilikuwa moja: Perón. Wakahitimisha kwamba njia ya kuwafikia maskini wa Argentina inapita kwa mzee yule aliyeko Madrid, mtu ambaye wao wenyewe walikuwa watoto wadogo alipoondoka. Wakajiita Montoneros, jina la wapanda farasi wa karne ya 19 waliowafuata mababe wa mikoani kupigana na wakubwa wa mji mkuu.

Tarehe 29 Mei 1970, mwaka mmoja kamili baada ya wafanyakazi na wanafunzi wa Córdoba kuuteka mji wao katika ghasia zilizoutikisa utawala wa Jenerali Onganía, vijana wawili waliovaa sare za maofisa wa jeshi walipanda hadi nyumbani kwa Aramburu, wakamwambia wametumwa kumlinda, naye akaondoka nao. Walimpeleka Timote, kwenye shamba la familia ya Ramus, wakamfanyia walichokiita kesi. Mashtaka yalikuwa kumuua Valle na wenzake na kuificha maiti ya Evita. Tarehe 1 Juni wakampiga risasi. Tangazo lao la kifo lilimwombea rehema za Mungu, na katika sentensi ile unasikia bado sauti ya vijana wa kanisa. Siku chache baadaye Onganía akaangushwa na wenzake.

Naomba nisieleweke vibaya: Aramburu alikuwa na damu mikononi, na wafuasi wengi wa Perón hawakumlilia. Lakini kundi dogo, ambalo halijachaguliwa na mtu, lilijipa kwa siku tatu kazi ya polisi, mwendesha mashtaka, hakimu na mnyongaji kwa niaba ya umma, na umma ukatazama bila kuulizwa. Kila lililofuata lilikuwamo ndani ya siku zile tatu kama mti unavyokuwamo ndani ya mbegu. Kundi lenyewe lilikaribia kufutika mwaka huohuo: Emilio Maza alikufa baada ya uvamizi wa mji wa La Calera mwezi Julai, na tarehe 7 Septemba Abal Medina na Ramus walikufa katika mapambano na polisi kwenye mji wa William Morris. Abal Medina alikuwa na miaka 23. Padre Mugica alishiriki kuwazika, ingawa baadaye alijitenga nao.

Kilichowaokoa ni Perón. Mwanzoni mwa 1971 walimwandikia kumuuliza kama kuuawa kwa Aramburu kuliharibu mipango yake, naye akawajibu kwamba anakubaliana na walichofanya. Aliwaita "vikosi maalumu" vya vuguvugu. Hapa ndipo penye kiini cha jambo, nami nimelifikiria sana. Perón hakuwadanganya moja kwa moja. Aliwatia moyo vijana kwa barua na kanda za sauti kutoka Madrid, na wakati uleule aliwatia moyo viongozi wa vyama vya wafanyakazi waliowachukia vijana hao, wanasiasa wazee wa chama, hata wafanyabiashara. Alikuwa mwanajeshi, na kwake kila kundi lilikuwa kikosi cha kumsukuma Jenerali Lanusse, mtawala wa wakati huo, akubali uchaguzi. Aliposema "ujamaa wa kitaifa" vijana walisikia ujamaa, na wazee walisikia taifa.

Mpango ulifaulu. Tarehe 11 Machi 1973 Héctor Cámpora, mtu wa Perón, alishinda uchaguzi kwa takriban nusu ya kura zote, kwa kauli mbiu iliyosema Cámpora serikalini, Perón madarakani. Vijana ndio waliojaza mitaa ya kampeni. Walikuwa na matawi ya wanafunzi wa vyuo na sekondari, ya wafanyakazi, ya wanawake na ya wakazi wa mabanda, na magavana wa mikoa mikubwa kama Buenos Aires na Córdoba walikuwa upande wao. Tarehe 25 Mei, siku Cámpora alipoapishwa, wafungwa wa kisiasa walifunguliwa usiku uleule. Kwa majuma machache vijana wale waliamini kwamba nchi ni yao.

Tarehe 20 Juni 1973 Perón alirudi nchini kwa kudumu. Umati mkubwa kuliko wowote uliowahi kuonekana katika nchi ile ulikwenda kumpokea karibu na uwanja wa ndege wa Ezeiza. Jukwaa lilikuwa chini ya ulinzi wa watu wenye silaha wa mrengo wa kulia wa vuguvugu hilohilo, wakiongozwa na Jorge Osinde, luteni kanali mstaafu. Safu za vijana zilipokaribia jukwaa, risasi zilipigwa kutoka juu. Waliokufa ni angalau 13, mamia wakajeruhiwa, na ndege ya Perón ikateremshwa kwingine. Usiku uliofuata alizungumza na taifa, na hakuwalaumu waliopiga risasi. Aliwaonya wale wanaotaka kulipenyeza vuguvugu na kulibadilisha. Cámpora alijiuzulu mwezi Julai, na Septemba Perón mwenyewe akachaguliwa kwa zaidi ya asilimia 60 ya kura, mkewe wa tatu Isabel akiwa makamu.

Ningekuwa karibu na vijana wale, hapo ndipo ningewasihi wasome hotuba kama ilivyo. Hawakuisoma hivyo. Walibuni maelezo kwamba Perón amezungukwa na watu wabaya, hasa katibu wake José López Rega, na kwamba wakimfikia yeye mwenyewe ataeleweka. Siku mbili baada ya uchaguzi aliuawa José Ignacio Rucci, katibu mkuu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi na mtu wa karibu wa Perón. Montoneros hawakuyatangaza rasmi mauaji yale wakati huo, lakini hayakuacha kuhusishwa nao. Kama lengo lilikuwa kumlazimisha mzee kukaa nao mezani, risasi zile zilifanya kinyume chake.

Januari 1974 wabunge wanane wa vijana walikwenda kumweleza pingamizi lao dhidi ya sheria kali zaidi ya jinai. Aliwapokea mbele ya kamera za televisheni, akawaambia asiyekubaliana aondoke. Wakajiuzulu. Kikafuata kile alichokitaka mwanafunzi wangu. Tarehe 1 Mei 1974 Montoneros waliingia Plaza de Mayo wakiimba, wakimuuliza Jenerali kwa nini serikali ya umma imejaa "magorila", yaani maadui wa umma. Perón, akiwa kibarazani, aliwasifu viongozi wa vyama vya wafanyakazi kwa uaminifu wa miaka 20, kisha akawaita waimbaji wapumbavu, vijana wasioota ndevu. Safu zao ziligeuka zikaondoka, na sehemu kubwa ya uwanja ikabaki tupu akiwa bado anahutubia. Miezi miwili kamili baadaye, tarehe 1 Julai, Perón alifariki.

Nitaishia hapa kwa leo nipokee maoni.

Mzee wa Kongwa:
Mwalimu, nakushukuru kwa uzi huu. Mimi ni mwenyeji wa Kongwa, ambako kuanzia mwaka 1964 palikuwa na kambi za wapigania uhuru wa FRELIMO, ANC, MPLA, SWAPO na ZAPU, katika eneo lilelile ambako mradi wa karanga wa Waingereza ulishindwa. Sisi tuliokua karibu nao hatukuwahi kuwaona kama wahalifu. Kwa hiyo ninaposoma kwamba kosa la vijana hawa lilianza walipomuua Aramburu, nataka kujua unatofautisha vipi. Huko Argentina uchaguzi huru ulikuwa umezuiwa tangu 1955. Je, kijana afanye nini palipofungwa milango yote?

Mleta uzi:
Shikamoo mzee wangu, na ahsante kwa swali zito. Nakubali kwamba marufuku ya miaka 18 ndiyo iliyofuga bunduki; waliowanyima watu sanduku la kura hawana haki ya kushangaa. Tofauti ninayoiona ni mbili. FRELIMO walipigana na mkoloni ambaye hakuwahi kuruhusu uchaguzi wa haki hata siku moja, wakaweka silaha chini baada ya lengo lao kutimia. Montoneros lengo lao lilitimia Machi 1973: uchaguzi ulifanyika, mgombea wao akashinda, Perón akarudi. Kuanzia siku ile waliyempinga alikuwa serikali iliyochaguliwa na makabwela walewale waliodai kuwasemea, na bado hawakuzika silaha. Jambo la pili ni mahali pa kuegemea nyuma ya vita. Wapiganaji wa Kongwa walikuwa na nchi nzima iliyowapokea na chama kilichowaamrisha. Montoneros hawakuwa na kiongozi wa kisiasa juu ya makamanda wao isipokuwa Perón, na alipowakana, makamanda wakabaki wakijiamrisha wenyewe.

Ushahidi ni yaliyofuata. Tarehe 6 Septemba 1974, chini ya serikali ya Isabel, walitangaza kurudi mafichoni na kuanza tena vita. Uamuzi huo uliwaacha wazi maelfu ya wanachama wa matawi ya shule, viwanda na mabanda, watu waliojulikana kwa nyuso na majina, ambao hawakuwa na mahali pa kujificha. Kikosi cha mauaji cha Triple A, kilichokuwa chini ya López Rega na kilichokuwa kimeshaanza kazi Perón akiwa hai, kiliwawinda hao. Mwezi huohuo Montoneros waliwateka ndugu wawili wa familia ya Born, wafanyabiashara wakubwa wa nafaka, na kupata kikomboleo cha takriban dola milioni 60. Mwezi uliofuata waliiba maiti ya Aramburu makaburini ili Evita arudishwe nyumbani, na Novemba akarudishwa. Fedha walikuwa nazo nyingi kuliko wakati wowote, na watu wakawa wanapungua. Oktoba 1975 walivamia kambi ya jeshi mkoani Formosa, ambako wengi wa waliouawa upande wa jeshi walikuwa askari wa mujibu wa sheria, watoto wa maskini.

Binti Manyoni:
Shikamoo mwalimu. Nimesoma kwa makini, lakini nina hofu moja. Ukisema makosa yao yote namna hii, haitaonekana kwamba jeshi lilikuwa na haki ya kufanya lililoyafanya baada ya 1976?

Mleta uzi:
Marahaba mwanangu. Hofu yako ni ya haki, na ndiyo sehemu ninayoijali kuliko zote. Jeshi lilipindua serikali tarehe 24 Machi 1976, chini ya makamanda watatu walioitwa Videla, Massera na Agosti. Wakati huo Montoneros walikuwa wameshadhoofika. Serikali yoyote ina mahakama, magereza na sheria, na iliweza kuwashtaki. Majenerali waliamua vingine: watu walichukuliwa usiku, wakateswa katika mamia ya vituo vya siri kama shule ya ufundi ya jeshi la majini iliyoitwa ESMA, wengine wakatupwa baharini kutoka kwenye ndege wakiwa hai, na watoto waliozaliwa kizuizini wakagawiwa kwa familia nyingine. Tume iliyoundwa baada ya demokrasia kurudi iliorodhesha waliopotezwa karibu 9,000, na mashirika ya haki za binadamu yanataja 30,000. Wengi wao hawakuwahi kushika silaha: walikuwa wafanyakazi, wanafunzi, watawa, wanasheria. Kuna watu nchini kule waliosema kwamba Argentina iliumizwa na mashetani wawili walio sawa. Mimi siikubali kauli hiyo. Kundi likiua, sheria iko juu yake. Dola ikiua kwa siri, imeikata sheria yenyewe. Makosa ya Montoneros ninayasema kwa sababu waliolipa si makamanda.

Makamanda waliondoka. Firmenich na wenzake walihamia nje ya nchi, wakajivika sare na vyeo, na mwaka 1979 na 1980 wakawaamuru wanachama walioko uhamishoni warudi Argentina kwa walichokiita mashambulizi ya kujibu. Wengi wa waliorudi walikamatwa na kupotezwa. Mshairi Juan Gelman aliachana na uongozi mwanzoni mwa 1979 akipinga mwenendo huo, nao wakamhukumu kifo.

Mzee wa Kongwa:
Hapakuwa na mtu ndani aliyewaambia mapema?

Mleta uzi:
Alikuwapo, mzee wangu. Rodolfo Walsh, mwandishi wa habari aliyekuwa amefichua mauaji ya jalala la José León Suárez miaka mingi kabla ya Montoneros kuzaliwa, alijiunga nao na kufanya kazi katika upelelezi wao. Mwishoni mwa 1976, binti yake akiwa ameshakufa katika mapambano na jeshi, aliuandikia uongozi maandishi marefu akisema kwamba wanafikiria vita peke yake na wamesahau siasa. Kwamba watu wanapopigwa hurudi nyuma kwenye kile wanachokijua, na kwa wafanyakazi wa Argentina kile kilikuwa vuguvugu la Perón, wala si Montoneros. Na kwamba kazi ya wakati ule ilikuwa kuokoa maisha na kupinga kwa njia ambazo watu wa kawaida wangeweza kuzishiriki. Hawakumfuata.

Yeye akafanya alichokishauri. Tarehe 24 Machi 1977, mwaka mmoja wa utawala wa kijeshi, aliandika barua ya wazi kwa majenerali na kuitia sahihi kwa jina lake kamili na namba ya kitambulisho chake, akitaja mauaji, mateso na jinsi sera za uchumi zilivyoyakata mishahara ya wafanyakazi. Kesho yake alikuwa anazituma nakala kwa posta mjini Buenos Aires wakati kikosi cha ESMA kilipomvizia barabarani na kumpiga risasi. Maiti yake haijapatikana hadi leo. Nakala alizokwisha kuzitumbukiza kwenye sanduku la posta zilifika.